Faili la .ost la ofisi linagoma kufunguka, na barua pepe za wanunuzi zote zimo humo

KatibuWaKahawa (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku juu ya Moshi, upande wa Kibosho. Diski ya kompyuta ya zamani ya ofisi iko hapa mezani, ndani ya lile kasha la USB, na nimefika mwisho wa akili zangu.

Tulikuwa na kompyuta ya mezani, Windows 10 na Outlook 2013, ile programu ya barua pepe ya Microsoft. Katibu aliyenitangulia aliitumia kuwasiliana na wanunuzi wa nje kupitia anwani ya chama chenyewe, si Gmail. Mwaka 2021 ada ya domaini na seva haikulipwa kwa wakati (uongozi ulikuwa unabadilishwa, nisiseme zaidi) na kampuni iliyokuwa inatuhifadhia ikafuta kila kitu. Kompyuta iliendelea kuonyesha barua za zamani kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mwaka jana tukairudisha domaini kupitia kampuni nyingine, tukafunguliwa anwani ile ile ikiwa na kikasha kitupu, nikaiweka kwenye laptopu yangu. Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ubao mama wa ile kompyuta ukaungua. Fundi wa Double Road ametoa diski na anasema ni nzima.

Nimelipata faili lenye jina la anwani yetu, mwisho wake .ost, GB 6.8, limejificha ndani ya AppData. Nikilibofya, Outlook ya laptopu inasema hili si faili lake la data. Nikataka kulinakili kwenye flashi ya GB 16 isiyo na kitu, nayo inasema faili ni kubwa mno. Kubwa mno vipi wakati nafasi ipo?

Ninalitaka kwa sababu hii. Msimu wa 2016/17 chama kiliuza kontena moja, magunia 320, kwa mnunuzi wa Hamburg, na fedha iliyoingia ikawa pungufu ya ile ya mkataba. Malipo ya pili yakawa madogo. Mkutano mkuu unakaribia na kuna wazee wametunza stakabadhi zao tangu wakati huo, wanauliza tofauti ilikwenda wapi. Katibu wa zamani ametangulia mbele za haki, na sitaki jina lake lisemwe vibaya wakati pengine jibu lake liko kwenye barua alizoandika mwenyewe.

Kuna namna?

---

chalii_kaloleni (Arusha)

Ndogo sana hiyo. Badili jina tu, .ost iwe .pst, lile faili jingine la barua la Outlook lisilotegemea seva, kisha fungua. Ikigoma shusha kigeuzi chochote cha bure, vipo kibao mtandaoni, na vile vya kulipia funguo zake zinagawiwa Telegram.

---

Fundi_Levolosi (Arusha)

Dada Katibu, pole na kadhia. Huyu chalii msamehe, ni jirani yangu na ni mtoto mzuri, ila ushauri wake utakuletea virusi kabla hujaona barua hata moja.

Naanza na hatari, maana iko moja ya kweli kwenye maelezo yako na sijui kama umeiona. Faili la .ost ni kivuli cha kikasha kilichoko kwenye seva. Kazi ya Outlook ni kuhakikisha kivuli kinafanana na mwenyewe. Miaka yote ambayo seva yenu haikuwepo, Outlook ilikuwa inabisha hodi, hakuna anayeitikia, basi inaacha mambo kama yalivyo. Ndiyo maana mliendelea kuziona barua. Lakini sasa mmerudisha anwani ile ile, na upande wa pili kuna seva inayoitikia yenye kikasha kitupu. Mtu mwenye nia njema akiipachika diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, Windows ikawaka, Wi-Fi ya ofisi ikashika, nenosiri jipya likaombwa naye akaliandika, Outlook itaona kule hakuna kitu na itafuta na huku ili vifanane. Itafanya hivyo kwa utii kabisa, bila kukuuliza. Kwa hiyo mpaka kazi hii iishe, diski hiyo isipachikwe kwenye mashine yoyote ili iwake yenyewe. Isomwe tu kupitia kasha la USB kama unavyofanya sasa.

Swali la flashi. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haibebi faili moja lenye kufika GB 4, hata flashi iwe na ukubwa gani. Ibofye kitufe cha kulia, chagua Format, weka exFAT. Itafuta vilivyomo, lakini umesema ni tupu. Afadhali zaidi, nakili moja kwa moja kwenye laptopu kama ina nafasi. Outlook iwe imefungwa wakati wa kunakili. Fanya nakala mbili, moja usiiguse kabisa, nyingine ndiyo ya kuhangaika nayo. Diski irudi kwenye droo, ufunge kwa ufunguo.

Kuhusu kubadili jina. Kila .ost imefungamana na profaili iliyoitengeneza, yaani mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook, na profaili hiyo imebaki kwenye Windows ya kompyuta iliyoungua. Jina la faili halihusiki. Ukitaka kujionea, shusha HxD, programu ya bure ya kutazama baiti, ufungue nakala yako. Herufi nne za mwanzo zitakuwa !BDN. Hiyo ni alama ya familia nzima ya mafaili ya Outlook. Sogea hadi ya tisa na ya kumi: faili la .pst lina SM, la .ost lina SO. Outlook inasoma hapo, si kwenye jina. Ukiwa hapo hapo nitazamie baiti ya kumi na moja, inasemaje: 17 au 24? Uniambie pia kama !BDN ipo. Ukikuta sufuri tupu mwanzo hadi mwisho, hapo faili ni ganda na mazungumzo yetu yatakuwa mengine.

Usilifungue kwa Notepad ukakata tamaa. Utaona vurugu. Outlook huzungusha herufi kwa jedwali maalumu kabla ya kuziandika, bila nenosiri lolote, kwa hiyo hata barua nzima kabisa huonekana kama takataka kwa anayelichungulia faili kwa nje.

Vigeuzi vya mtandaoni ambako unapakia faili nao wakurudishie: hapana. Humo mna mikataba, akaunti za benki, nadhani na orodha za wanachama na namba zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, wazee wako wa stakabadhi wasingekuelewa.

Nijibu hayo mawili matatu halafu tuendelee.

---

MzeeWaMajengo (Moshi)

Binti, mbona mnazunguka? Microsoft wenyewe wameweka chombo cha kurekebisha, kinaitwa scanpst.exe, kiko kwenye folda ya Office iliyomo ndani ya Program Files. Nimefundisha kompyuta miaka mingi kabla ya kustaafu na kimenitoa kwenye matatizo mara nyingi. Kielekeze kwenye faili, bonyeza Start, acha kifanye kazi.

---

Fundi_Levolosi

Shikamoo Mzee. Chombo nakijua na ninakiheshimu, ila kinatibu ugonjwa mwingine. Kinarekebisha faili lililovunjika. La dada halijaonyesha dalili ya kuvunjika, limekosa tu programu inayokubali kulifungua, na scanpst hata ikimaliza salama hailifungui. Zaidi ya hapo, inaandika juu ya faili lenyewe. Ikikuta kipande isichokielewa inakitupa, au inakihamishia kwenye folda ya Lost and Found bila mpangilio. Kwa mtu ambaye seva yake ipo hilo si neno, anafuta .ost na Outlook inashusha upya. Huyu hana pa kushusha. Tuiweke akiba, kwa nakala tu, kama njia nyingine zitakwama.

---

MzeeWaMajengo

Marahaba. Hapo kwenye seva kutokuwepo sikuwa nimesoma vizuri. Endelea, nami nafuatilia, ninayo .ost ya shule mahali fulani.

---

KatibuWaKahawa

Asante sana kaka. Ile habari ya seva tupu imenitoa jasho, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesema Jumamosi tuipachike diski kwenye kompyuta ya mhasibu. Nimempigia simu.

Nimenakili, safari hii imekubali. HxD nimeifungua: !BDN ipo, SO ipo, na ile ya kumi na moja ni 24.

Maswali: kama .ost ni kivuli tu, ina barua zote au baadhi? Nimesoma mahali kwamba Outlook huweka za mwaka mmoja tu. Na je, nitatumia nini kuifungua?

---

Fundi_Levolosi

24 maana yake ni muundo mpya uliokuja na Outlook 2013, ambao ndani yake vipande vya data vimebanwa pia. Nilikuuliza kwa sababu zana kadhaa za zamani za bure zinaujua ule wa 17 tu, zikikutana na huu zinasema faili limeharibika. Watu wengi hukatia tamaa hapo, wakaenda kununua programu ya dola mia, kumbe faili halina tatizo lolote.

Uliyosoma kuhusu mwaka mmoja ni kweli kwa wenye seva za Exchange na Microsoft 365, huduma za barua za Microsoft wenyewe. Kule Outlook ina kitelezi cha kuchagua barua za muda gani zikae kwenye kompyuta, na wengi huachiwa miezi 12 bila kujua. Nyinyi mlikuwa mmehifadhiwa kwa kampuni ndogo ya kawaida, kwa hiyo karibu hakika mlitumia IMAP, njia ya kawaida ya kusoma barua zilizoko kwenye seva, na GB 6.8 kwa chama kimoja cha msingi si barua za mwaka mmoja. Hapo moyo utulie. Kuna jambo jingine la IMAP linalonitia wasiwasi kidogo lakini sitaki kukutisha kabla hujaona.

Kufungua kuna njia mbili za bure nisizoona haya kumpa mtu.

Ya kwanza ni XstReader. Ni programu ndogo ya Windows, ya chanzo huria, haihitaji Outlook wala Office. Inasoma .ost na .pst bila kuandika chochote ndani yake, na hilo ndilo ninalolipendea. Ifungue, elekeza kwenye nakala, subiri. Kushoto utaona folda, katikati orodha ya barua, kulia barua yenyewe. Ukitaka kuzitoa, zichague, nayo itazihifadhi pamoja na viambatisho vyake kwenye folda ya kawaida.

Ya pili ni ya kazi nzito. Inaitwa pffexport, imo ndani ya mkusanyiko wa libpff. Inatumika kwa amri, hakuna vitufe. Kama una mtu mwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure unaotumika badala ya Windows, au ukiiwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ni mistari miwili:

sudo apt install pff-tools
pffexport -m all -t kahawa ofisi.ost

Itaunda folda iitwayo kahawa.export, ndani yake kila barua ina folda yake: maandishi ya barua, viambatisho, na faili la InternetHeaders lenye njia yote iliyopitiwa na barua kutoka seva hadi seva. Yale maneno “-m all” ndiyo yanayofanya nikupe amri hii. Yanaiambia itafute pia barua zilizofutwa ambazo nafasi yake bado haijaandikwa juu, na zile zilizopoteza folda zake. Zitawekwa kwenye kahawa.recovered na kahawa.orphans. Mtu akifuta barua kwenye Outlook, mara nyingi inabaki humo kwa muda mrefu, kwa kuwa faili halijibani lenyewe papo hapo.

Anza na XstReader. Pffexport ije baadaye, na ukiishia XstReader tu pia sawa.

Kuhusu programu za kulipia, kuna zinazofanya kazi vizuri, sisemi zote ni wezi. Lakini ya majaribio hukuonyesha barua zote kwa uzuri halafu ikatoa chache tu katika kila folda hadi ulipe. Hata hivyo itumie kwa hilo la kuonyesha, likikusaidia. Ikishindwa kukuonyesha barua bure, haitaiona kwa sababu umelipa.

---

chalii_kaloleni

Bro mi nilikuwa nasaidia tu 😅 hiyo SM na SO nimeiona kwenye mafaili yangu, kweli aisee.

---

KatibuWaKahawa

Ndugu zangu, XstReader imefungua. Ilikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani imeganda, kumbe inasoma. Kisha folda zikajitokeza moja baada ya nyingine na majina aliyoyapa marehemu: “Hamburg”, “Mnada”, “Sampuli”, “Bodi”, na moja inaitwa “Kero”. Sikujua nicheke au nilie.

Hali ilivyo:

Barua zilizoingia zinaanza Machi 2015. Za nyuma ya hapo hakuna, wakati anwani yetu ilianza 2011.

Folda ya zilizotumwa ziko mbili. Moja ina barua nyingi, nyingine chache, na miezi yake inapishana.

Halafu kuna hili la tatu. Kwenye folda ya “Hamburg”, barua za Januari hadi Machi 2017, ambazo ndizo hasa ninazozitaka, zina kichwa, tarehe na jina la mtumaji, lakini nikizibofya ndani ni nyeupe. Si zote. Kama nusu. Nyingine za kipindi hicho hicho zinasomeka vizuri na viambatisho vipo, hata ripoti ya uonjaji wa sampuli nimeifungua.

Nimeangalia tena kwa nakala ya pili, ni vile vile. Ndilo ulilokuwa unaliogopa?

---

Fundi_Levolosi

Ndilo, dada. Outlook inaweza kuambiwa, kwa akaunti ya IMAP, ishushe vichwa vya barua tu na mwili wake ushuke pale mtu anapoifungua. Kwa bando zilivyokuwa, na kiambatisho cha MB kumi kilivyoweza kula kifurushi cha asubuhi nzima, watu wengi walitumia mpangilio huo, na sikuwalaumu. Sasa barua ambayo haikuwahi kufunguliwa kwenye kompyuta hiyo, mwili wake haukuwahi kufika kwenye diski. Pengine aliisoma kwenye simu. Hakuna programu duniani itakayoitoa kwenye faili hilo, ya bure wala ya dola elfu, kwa sababu haimo. Nakwambia wazi ili usije ukashawishiwa kulipa.

Lakini hujafika mwisho. Kwanza fanya pffexport kwa sababu ya hizo recovered na orphans. Kuna wakati barua moja iko mara mbili, ya kwanza tupu, ya pili iliyofutwa ikiwa kamili.

Pili, tazama majibu. Watu wa biashara wakijibu barua huacha ile ya awali chini yake. Barua ya Hamburg iliyo tupu kwako, huenda imenukuliwa yote chini ya jibu la marehemu kwenye folda ya zilizotumwa. Zilizotumwa hazina tatizo la vichwa, maana ziliandikwa hapo hapo kwenye mashine. Na ndiyo, soma folda zote mbili. Outlook ilikuwa na folda yake, seva ilikuwa na yake, na kabla mtu hajaziunganisha barua zilienda huku na huku.

Tatu, za kabla ya Machi 2015. Nadhani huo ndio mwezi walioweka Outlook 2013. Outlook 2010 na zile za nyuma yake hazikutumia .ost kwa IMAP, zilitumia .pst. Tafuta kwenye diski nzima *.pst, usitafute kwenye AppData peke yake, angalia hadi Documents, folda iitwayo Outlook Files. Ukiipata hiyo, Outlook ya laptopu yako itaifungua bila kugomba, ila ifungulie nakala, na kama ina nenosiri usihangaike, XstReader inaisoma hata hivyo.

---

mhasibu_njiro (Arusha)

Samahani kuingilia. Barua yoyote ina pande mbili. Hao wa Hamburg si bado wapo? Kampuni za Ulaya hutunza barua za biashara miaka mingi, Ujerumani sheria inawalazimisha. Mwandikie kwa ustaarabu, mpe tarehe na vichwa vya barua ambavyo unavyo tayari, mwombe akutumie nakala. Ukiwa na vichwa kamili anatafuta kwa dakika mbili. Ukimwambia “nitumie barua zetu za 2017” atakuweka kando.

---

KatibuWaKahawa

Nawapa mrejesho, samahani kwa kukawia, tulikuwa kwenye kupokea kahawa ya maganda.

Kijana wa jirani anayesoma chuo alikuja na Ubuntu yake kwenye flashi. Pffexport ilifanya kazi usiku kucha kwa kuwa laptopu ni ya polepole. Kwenye recovered kulikuwa na takataka nyingi za matangazo, na katikati yake barua za Hamburg ambazo huku zilikuwa nyeupe. Si zote.

Ile ya majibu ndiyo iliyomaliza kazi. Kwenye folda ndogo ya zilizotumwa kuna jibu la marehemu la Februari 2017, na chini yake barua tatu za mnunuzi zimenukuliwa neno kwa neno. Kahawa ilipofika Hamburg walipima unyevu, ukakutwa umezidi asilimia 12.5, ambacho ndicho kikomo kinachotajwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa kwa kahawa ya kusafirishwa. Mnunuzi alitaka ama aikatae kontena, ama apunguziwe senti 12 za dola kwa kila ratili. Marehemu akabishana naye kwa heshima, barua ndefu, Kiingereza chake kizuri sana, wakakubaliana senti 9.

Nimekaa na kikokotoo. Magunia 320 ya kilo 60 ni kilo 19,200, yaani ratili 42,328 na ushee. Mara senti 9 ni dola 3,810 hivi. Ndiyo tofauti ile ile iliyoko kwenye taarifa ya benki, ukiondoa makato ya benki yenyewe. Hakuna aliyekula. Na kuna barua ya siku chache baadaye aliyomwandikia mwenyekiti wa wakati huo kumweleza yote na kuomba jambo lisomwe kwenye kikao. Kama lilisomwa au la, hilo nitawaachia wenye kikao.

Faili la .pst nalo nimelipata, kwenye Documents, linaanza 2011. Limefunguka kwenye Outlook kama hakuna kilichotokea.

Sasa nauliza la mwisho. Nataka nakala za kuwaonyesha wanachama, na ambazo hata mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akizishika asiseme nimezichapa mwenyewe jana usiku. Nifanyeje?

---

Fundi_Levolosi

Umefanya kazi ambayo mafundi wengi hapa mjini wangekutoza laki kadhaa na wasiifanye.

Kwa wanachama chapa tu barua kwenye karatasi, herufi kubwa, wazee wasome. Kwa mkaguzi, karatasi peke yake haina nguvu. Mpe pamoja na faili la InternetHeaders la kila barua iliyoingia. Humo mna kitambulisho cha barua, Message-ID, na mistari ya Received yenye tarehe na saa kwa kila seva iliyopita. Barua aliyoituma marehemu inaweza isiwe na mistari hiyo, kwa kuwa ilibaki kwenye mashine iliyoituma, na hapo ndipo ushauri wa mhasibu wa Njiro unapoingia: mnunuzi akikutumia nakala yake ya barua hiyo hiyo, iwe kama kiambatisho cha .eml (faili la barua nzima pamoja na mistari yake) na si ya kusambaza kwa kawaida, utakuwa na upande wa pili wenye mistari yote, na Message-ID zitalingana.

Faili la .ost lenyewe usilitupe kwa sababu umeshatoa barua. Ndilo asili. Liweke kwenye diski mbili tofauti, moja isiwe kwenye jengo la ofisi. Andika kwenye daftari la ofisi tarehe uliyolinakili, ukubwa wake, na nani alikuwepo.

Na kwenye hiyo laptopu yako: nenda kwenye mipangilio ya akaunti uhakikishe haishushi vichwa tu.

---

KatibuWaKahawa

Nimeangalia. Ilikuwa inashusha kila kitu. Na Hamburg wamejibu leo, wana barua zote, wanazituma kwa .eml kama ulivyosema. Wameuliza pia kama msimu huu tuna AA, daraja la kahawa ya punje kubwa, ya kuwauzia. Nimewaambia tusubiri vipimo vya unyevu kwanza.

Kaka Levolosi, ukipita Moshi fika ofisini.

---

MzeeWaMajengo

Nami nimeifungua ile ya shule kwa XstReader. Ina matokeo ya mitihani ya majaribio ya mwaka 2016 na maombi ya ruhusa ya walimu yasiyo na idadi. Nimeifunga tena.

---

mpya_usariver (Usa River)

Wakuu samahani, mimi yangu inaishia .olm, ilitolewa kwenye Mac. Hiyo XstReader itaisoma?

---

Fundi_Levolosi

Haitaisoma. Hiyo ni kifurushi cha Outlook ya Mac, muundo tofauti kabisa na .ost. Fungua uzi wako, taja ukubwa wa faili na kama hiyo Mac bado ipo, nitakuja huko.